Kufundisha Vipeo kwa Bao na Punje za Mahindi

Mada ya vipeo huingia darasani kwa haraka mno. Mwalimu huandika 2² ubaoni, hueleza kwamba namba ndogo iliyo juu huonyesha namba ya chini inazidishwa mara ngapi, hupata 4, kisha huendelea na mfano unaofuata. Wanafunzi hunakili, hufanya zoezi, na madaftari husahihishwa. Baada ya wiki chache, mwanafunzi yuleyule aliyepata vema katika kila swali huandika kwamba 5³ ni 15. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi, na ninaamini kwa dhati kwamba kosa hilo halitokani na uvivu wala uzito wa kichwa cha mtoto, bali hutokana na namna tunavyomkaribisha katika mada yenyewe. Kwa kuwa vipeo ndivyo vitakavyobeba vipeuo, riba inayozaa riba, namba kubwa na ndogo za sayansi, na hata logarithimu atakazozikuta sekondari, mwanzo wake unastahili muda mrefu kuliko tunaoupa.

Mfano wa 2² ndio wa kwanza ninaouondoa. Mbili mara mbili ni 4, na 2² nayo ni 4. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeelewa na yule anayezidisha namba ya chini kwa ile ya juu hutoa jibu moja, wote wawili hupewa vema, na mwalimu hubaki hana dalili yoyote ya kumwonyesha nani amepotea. Mfano wa 2⁴ nao una hatari yake, kwa kuwa 2⁴ na 4² zote ni 16, na mtoto anaweza kuhitimisha kwamba namba ya juu na ya chini hubadilishana nafasi bila madhara, kama ilivyo katika kuzidisha. Katika namba nzima chanya hakuna jozi nyingine ya namba mbili tofauti inayokubali kugeuzwa hivyo, na ni bahati mbaya kwamba jozi hiyo moja imeundwa na namba ndogo ambazo mwalimu huzishika kwanza anapotafuta mfano mwepesi. Mimi huanza na 5 na 3. Tano mara tatu ni 15, 5³ ni 125, na 3⁵ ni 243. Majibu hayo matatu yako mbalimbali kiasi kwamba kosa likitokea huonekana papo hapo.

Hata hivyo, siku ya kwanza siiandiki alama yenyewe. Siku hiyo ni ya kuzidisha tu, kwa urefu wake wote. Watoto wanajua tayari kwamba 5 + 5 + 5 + 5 hufupishwa kuwa 5 × 4, na wanajua pia kwa nini tulihitaji ufupisho huo. Ninawapa 3 × 3 × 3 × 3 × 3 waifanye hatua kwa hatua, wakiandika kila zao wanalolipata: 3, 9, 27, 81, 243. Kisha ninawaomba waandike, bila kukokotoa, mlolongo wa kuzidisha ambamo namba 7 imeandikwa mara kumi na nane. Wengi hupotea njiani. Mmoja huwa na saba kumi na saba, mwingine kumi na tisa, na ili kujua nani amepatia inabidi darasa zima lihesabu kwa kidole. Hapo ndipo ninapowauliza: ninyi mngeliandikaje jambo hili kwa ufupi?

Majibu yao yanastahili kusikilizwa kwa heshima, na dakika zinazotumika hapa hazipotei. Mmoja hupendekeza 718, na wenzake humwambia kwamba hiyo ni mia saba na kumi na nane. Mwingine hupendekeza 7 × 18, nao wanakumbuka kwamba alama hiyo imeshachukuliwa na kujumlisha kwa kurudia. Wapo wanaoweka kumi na nane ndani ya duara, au chini, au pembeni kwa rangi nyingine. Tunapofika kwenye namba ndogo iliyoinuliwa upande wa kulia, watoto wanaiona kuwa ni nafasi iliyokuwa wazi, wala si amri iliyoshuka kutoka kitabuni. Ninawaeleza kwamba wanahisabati wenyewe walihangaika na uandishi huu kwa karne nyingi. Mfaransa Nicolas Chuquet aliinua namba ndogo kwa namna inayokaribia yetu mwaka 1484, lakini namna tunayoitumia leo ilienea baada ya René Descartes kuitumia katika kazi yake ya jiometria iliyochapishwa mwaka 1637, na hata yeye mara nyingi aliendelea kuandika aa pale ambapo sisi tungeandika a².

Baada ya hapo ninaleta bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane, na huchezwa kwa kete 64. Pwani, na katika sehemu nyingi za bara, si vigumu kulipata barazani au chini ya mti. Pasipo na bao, duara 32 zilizochorwa kwenye karatasi ya manila au ardhini zinatosha. Kanuni ya zoezi ni moja: shimo la kwanza linapata kete moja, na kila shimo linalofuata linapata kete mara mbili ya zile za shimo lililotangulia. Kabla hatujagusa kete, ninawataka watoto wakadirie kwamba kete zote 64 zitafika shimo la ngapi. Wengi husema safu ya kwanza itajaa na ya pili itaanza. Tunapoweka 1, 2, 4, 8, 16 na 32, tunakuwa tumejaza mashimo sita, tumetumia kete 63, na mkononi imebaki moja. Shimo la saba peke yake linahitaji kete 64, yaani seti nzima ya bao. Kimya kinachofuata hapo kina thamani kubwa kwangu, kwa sababu mtoto ameona kwa macho yake kwamba kuzidisha kwa kurudia hakuendi kwa mwendo wa kujumlisha.

Kete zikiisha tunahamia kwenye punje za mahindi. Safu ya kwanza inaisha kwa punje 128 katika shimo la nane, na jumla ya safu ni punje 255, ambazo zinaingia katika kiganja. Kuanzia hapo mashimo hayawezi tena kupokea punje, kwa hiyo tunaendelea kwa kalamu na mizani. Tunahesabu punje 1,000 kwa makundi ya mia na kuzipima. Mahindi ya kawaida huwa na takriban gramu 300 kwa punje 1,000, ingawa mbegu hutofautiana na ni vizuri kila darasa lipime mahindi yake. Kwa kipimo hicho, mwisho wa safu ya pili tuna jumla ya punje 65,535, sawa na kilo 20 hivi, yaani karibu debe moja. Mwisho wa safu ya tatu tuna punje 16,777,215, ambazo ni zaidi ya tani tano, au magunia 50 ya kilo mia. Mwisho wa safu ya nne, shimo la 32 peke yake lina punje 2,147,483,648, na bao zima lina punje 4,294,967,295, ambazo ni karibu tani 1,290, sawa na magunia yapatayo 12,900.

Kiganja, debe, magunia 50, magunia karibu 13,000. Ninaomba walimu wenzangu wasiupite mfuatano huo haraka. Mtoto wa darasa la sita hawezi kuhisi tofauti kati ya milioni 16 na bilioni 4 kwa kuangalia tarakimu, lakini debe analijua, gunia analijua, na ghala la kijiji pengine ameliona. Wanaofahamu hadithi ya kale ya mchezo wa sataranji, ambamo mwenye hekima anamwomba mfalme punje za ngano kwa kanuni hii hii juu ya mraba 64, watatambua kwamba nimeipunguza. Hesabu ya sataranji hufika 18,446,744,073,709,551,615, namba ambayo haina kipimo chochote ambacho mtoto anaweza kukishika. Bao linakoma mahali ambapo fikra bado inaweza kufuata.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mada nzima. Shimo la kwanza lina punje moja, na punje hiyo haijazidishwa kwa chochote. Ninapoanza kuandika yaliyomo katika mashimo, siandiki 2, 2 × 2, 2 × 2 × 2. Ninaandika hivi: shimo la kwanza 1, shimo la pili 1 × 2, shimo la tatu 1 × 2 × 2, shimo la nne 1 × 2 × 2 × 2. Moja ile inabaki mbele ya kila mstari kwa muda wa kutosha, na siruhusu ifutwe mpaka vipeo vimezoeleka.

Sababu yake ni hii. Kauli tuliyoizoea, kwamba 5³ maana yake ni kuizidisha tano yenyewe kwa yenyewe mara tatu, inampotosha mtoto mtiifu. Ndani ya 5 × 5 × 5 kuna tano tatu, lakini alama za kuzidisha ni mbili tu. Mtoto anayeifuata kauli hiyo neno kwa neno huanza na 5, huzidisha kwa 5 mara ya kwanza akapata 25, mara ya pili akapata 125, mara ya tatu akapata 625, na anapoambiwa amekosa hana namna ya kujua alikosea wapi, kwa kuwa alifanya alichoambiwa. Mwingine husikia "tano mara tatu" na kuandika 15. Tukianza na moja, ugumu huo wote unaondoka: 5³ ni 1 × 5 × 5 × 5, alama za kuzidisha ni tatu, tano ni tatu, na kipeo ni tatu. Kipeo kinatueleza ile moja ya mwanzo imezidishwa kwa tano mara ngapi. Maelezo hayo ni ya kweli bila kuongezwa wala kupunguzwa neno.

Tena yanalipa mapema sana, kwa sababu kipeo cha sifuri kinapofika hakihitaji kukaririwa. Wanafunzi wengi huandika kwamba 2⁰ ni 0, na tukiwa tumewafundisha kwamba kipeo ni idadi ya mbili zinazozidishwa pamoja, jibu lao lina mantiki: hakuna mbili hata moja, basi hakuna kitu. Mwanafunzi aliyeanza na punje moja anajua kwamba 2⁰ ni punje ya shimo la kwanza ambayo haijazidishwa bado, na kwamba ingekuwa vilevile kama kanuni ingekuwa ya kuzidisha kwa tatu, kwa tano au kwa kumi, maana kila bao lingeanza na punje moja. Anagundua pia kwamba kipeo cha kila shimo ni nafasi ya shimo hilo ukitoa moja: shimo la nane ni 2⁷, shimo la 32 ni 2³¹. Hilo si usumbufu. Ni kumbukumbu kwamba shimo la kwanza lilitanguliwa na hatua sifuri.

Kwa darasa lililokwisha kukutana na namba hasi, ninauliza kingekuwa nini kushoto mwa shimo la kwanza kama bao lingeendelea upande huo. Kwenda kulia ni kuzidisha kwa mbili, basi kwenda kushoto ni kugawanya kwa mbili, na watoto wenyewe husema nusu ya punje, robo ya punje, moja ya nane. Hivyo 2⁻¹ ni nusu, 2⁻² ni robo, 2⁻³ ni moja ya nane, na hakuna aliyedhani kwamba kipeo hasi hutoa jibu hasi. Katika karne ya 12, al-Samaw'al, mwanahisabati aliyezaliwa Baghdad, alipanga vipeo katika jedwali la namna hii hasa, moja ikiwa katikati, vipeo vikikua upande mmoja na visehemu vyake vikipungua upande wa pili, na akaonyesha kwamba kuzidisha na kugawanya kunaweza kufanywa kwa kuhesabu hatua katika jedwali hilo. Ninafurahi kila ninapoweza kuwaambia watoto kwamba wanachokifanya kwa bao kina wazee wake.

Kanuni za vipeo nazo zinaonekana katika safu. Shimo lolote la safu ya pili lina punje mara 256 ya shimo la safu ya kwanza lenye nafasi ileile katika safu yake, kwa kuwa kati yake kuna hatua nane, na 2⁸ ni 256. Kutoka safu ya pili hadi ya tatu ni hatua nane nyingine. Kwa hiyo 2⁸ × 2⁸ ni hatua kumi na sita, yaani 2¹⁶, na mtoto ameona kwamba tunapozidisha tunajumlisha hatua. Kosa la kuandika 2³ × 2⁴ = 4⁷ hupungua sana mtoto anapokuwa na picha ya hatua, kwa sababu kanuni ya bao haijabadilika kutoka mbili kuwa nne. Kosa la 2³ + 2⁴ = 2⁷ linahitaji uangalifu zaidi, na hapo ninawarudisha kwenye punje: nane na kumi na sita ni 24, na hakuna shimo hata moja lenye punje 24.

Hatari ya kutumia mbili peke yake ni kwamba mtoto ataamini vipeo ni habari ya kuongeza maradufu tu, kwa hiyo ninapanua mapema, na mfano ninaoupenda umetoka Misri ya kale. Mwandishi aitwaye Ahmes alinakili, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, mafunjo ya hesabu ambayo leo yako katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Katika mafunjo hayo imo orodha ya nyumba 7, paka 49, panya 343, masuke 2,401 na vipimo vya nafaka 16,807, na jumla ya vyote ni 19,607. Kila nyumba ina paka saba, kila paka amekula panya saba, na kadhalika, hadi 7⁵. Watoto huifanya hesabu hii kwa mkono, kisha huandika 7¹, 7², 7³, 7⁴ na 7⁵ pembeni. Ninapenda wajue kwamba zoezi la vipeo liliandikwa katika bara hili zaidi ya miaka 3,500 iliyopita.

Mifano mingine naipita kwa ufupi. Ukubwa wa hifadhi ya simu, 16, 32, 64, 128 na 256, wanafunzi wanaujua kuliko mimi, na ni vizuri waambiwe kwamba kumbukumbu ya kompyuta hujengwa kwa vijisehemu vyenye hali mbili tu, na vinane kati ya hivyo hutoa mipangilio 2⁸, yaani 256. Karatasi ya kukunjwa pia inafaa: kila mkunjo unaongeza matabaka maradufu, na karatasi ya daftari huwa haikunjiki tena karibu na mkunjo wa saba. Mwaka 2002 mwanafunzi wa sekondari nchini Marekani, Britney Gallivan, alikunja karatasi ndefu sana mara 12 na kupata matabaka 4,096. Vigawo tasa, ambavyo watoto wanavijua kutokana na kigawe kidogo cha shirika (KDS) na kigawo kikubwa cha shirika (KKS), ni uwanja mzuri wa mazoezi, kwa sababu 72 ikiandikwa 2³ × 3² inaonyesha faida ya ufupisho katika kazi wanayoifanya tayari.

Kuhusu mraba na mchemraba, nina tahadhari. Ni kweli kwamba eneo la mraba lina kipeo cha pili na ujazo wa mchemraba una kipeo cha tatu, na picha hizo ni nzuri. Lakini mwalimu akianza nazo, mtoto anapofika 2⁴ hutafuta umbo na kulikosa. Naziweka baadaye, na hapo zinasaidia kuvunja kosa lingine, lile la kudhani kwamba (2 + 3)² ni 4 + 9. Mtoto akichora mraba wenye upande wa 5 na kuugawa kwa 2 na 3, anaona mraba wa 4, mraba wa 9, na mistatili miwili ya 6 ambayo alikuwa ameisahau. Jumla ni 25.

Kabla sijaruhusu darasa liingie katika mazoezi ya kanuni, nina swali moja ninaloliamini kuliko jaribio lolote la kitabuni: shimo gani la bao lina nusu ya punje zilizo katika shimo la 32? Wengi hujibu la 16, kwa kuwa 16 ni nusu ya 32. Jibu ni 31. Siwasahihishi wao; ninawaomba wanaosema 16 na wanaosema 31 wakae wawili wawili na kushawishiana, nao hutumia bao, kalamu au chochote walichonacho. Anayeweza kumweleza mwenzake kwamba hatua moja kurudi nyuma ndiyo nusu, popote ulipo katika bao, ninampa mazoezi ya kuzidisha na kugawanya vipeo siku hiyo hiyo. Anayebaki na 16 tunarudi naye kwenye shimo la sita na la tatu, ambako punje ni 32 na 4, na anazihesabu mwenyewe.